Lugha ya Watu Wawili

Timotheo alikuwa na miaka hamsini na minane aliporudi kuishi kwao, kijiji cha juu kidogo ya Irente, milimani Lushoto. Miaka thelathini alikuwa seremala Tanga. Alikuja kumzika mama yake, na msiba ulipokwisha, ndugu wakashuka kila mtu kwake; akabaki yeye na mdogo wake Eliza, aliyezaliwa kiziwi.

Kuongea na Eliza ilikuwa kazi ya mama, wengine hawakujisumbua. Sasa Eliza alipakua bada, ugali wa muhogo, akamwekea kaka yake sahani, na Timotheo akasema "ahsante" akiuambia mgongo. Ukungu ulipotanda alasiri, kimya kilikuwa kizito hata maharage yaliyochemka jikoni aliyasikia akiwa sebuleni.

Akapata habari kwamba Jumamosi kuna mafunzo ya lugha ya alama Lushoto mjini, katika ukumbi wa kanisa. Akaenda. Mwalimu, binti aitwaye Angel, naye alikuwa kiziwi. La kuwaeleza wanaoanza aliliandika ubaoni. Timotheo, na vidole vyake vilivyokakamazwa na randa, akajifunza herufi, salamu, maji, chai, mama. Njiani alifanya mazoezi mpaka wachuma mapeasi wakamcheka.

Eliza alikuwa uani akichambua maharage. Timotheo akasimama mbele yake, akamsalimia kwa mikono, polepole, bila kukosea. Eliza akamtazama kama anayetazama mtu akifukuza nzi, akarudia ungo wake.

Jumamosi iliyofuata Timotheo akaandika kwenye daftari: "Mwalimu, mdogo wangu haelewi."

Angel akaandika chini yake: "Alisoma shule gani?"

"Hakusoma."

"Aliongea na nani?"

"Na mama. Mama amefariki."

Angel akaandika: "Basi lugha yao mimi siijui, baba. Muulize yeye."

Siku hiyo aliporudi nyumbani, Timotheo alimkuta Eliza jikoni, amekielekea kigoda cha mama. Mikono yake ilikwenda mbio, ikapinda, ikakatiza, ikangoja kidogo kama inayojibiwa. Timotheo hakuambulia hata neno. Eliza alipomwona, akaificha mikono ndani ya khanga.

Timotheo akaketi chini. Akachukua peasi, akaliinua, akauliza kwa nyusi. Eliza akasita, kisha akabana ncha ya sikio lake. Timotheo naye akabana lake. Wakaenda hivyo hadi masika, neno kwa neno: jiwe, ng'ombe, mvua, mchungaji.

Asubuhi moja akamwonyesha picha ya ukutani, yeye mwenyewe akiwa kijana, ndani ya suti ya kuazima. Eliza akainua mkono juu ya bega, akauteremsha kona kwa kona kama barabara ya Mombo aliyoshuka nayo kwenda Tanga, mwisho akafungua kiganja: hamna kitu. Kisha akamnyooshea kidole.

Lilikuwa jina lake. Miaka thelathini mama na binti walimtaja hivyo mbele ya mafiga.

Timotheo akainua mkono wake, akauteremsha kona kwa kona, akafungua kiganja. Eliza akaushika, akausahihisha, ukashuka polepole zaidi. Akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe.