Mkono wa Kushoto wa Ansel Threadgill

Du. Du. Du.

Fimbo inagonga ngazi za mbao huko nje. Earlean Mabry yuko ndani, gizani, na anajua ni nani hata kabla mlango haujafunguliwa. Anajifuta viganja kwenye sketi. Vimelowa jasho tangu alfajiri.

Ni Jumamosi, saa nne kasorobo asubuhi, hapa Pecan Ferry, Mississippi. Katika stesheni ya zamani ya treni kuna ukumbi wa viti arobaini, na kila Jumamosi Earlean huwaonyesha watu filamu za wapiga bluzi wa mwanzo, ule muziki wa watu weusi wa bonde la Delta. Siku tano za wiki hukata samaki kiwandani kwa dola kumi na moja kwa saa. Ya sita huja hapa.

Leo ukumbi umefungwa kwa wageni. Amemwita mtu mmoja tu.

"Umenitoa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, Earlean," anasema Bi Ozella Pruitt, mwenye miaka tisini na mmoja, akiwa bado mlangoni. "Iwe na maana."

"Naam, mama. Kaa hapa."

"Hapa nimeipa skrini mgongo. Umelewa?"

"Sijalewa, mama. Bado."

Bi Ozella anacheka kidogo, kisha anakiona kilicho mbele yake: kioo kirefu cha chumbani kimeegemezwa ukutani, kikiitazama skrini. Kicheko kinakoma.

Filamu yenyewe ni ya dakika tatu, na haina sauti. Mwanamume amekaa kwenye baraza la kinu cha pamba, gitaa pajani, shingo ya chupa iliyokatwa imevikwa kidoleni ya kutelezesha kwenye nyuzi, kofia imemfunika uso. Mguu wake unapiga ubao. Watu wametoka Tokyo na Oslo kuja kuutazama mguu huo. Hakuna anayejua ni wa nani, na Jumatatu asubuhi kibao kitapigiliwa ukutani: "Mpiga gitaa asiyejulikana."

Asiyejulikana! Katika mji ambao pamba yake aliichuma kwa mikono ile ile!

Wajukuu wa Bi Ozella walikuwa na hakika kwamba ni baba yake, Ansel Threadgill, aliyekwenda kujenga tuta la mto binti yake akiwa na miaka saba na hakurudi. Hakuacha picha hata moja. Miezi minne iliyopita walimleta mama huyu atazame. Hakumaliza hata dakika.

"Zimeni," alisema siku ile. "Huyu ni mtu wa mashoto. Baba yangu hakuwa mashoto. Msinipe baba wa kuazima."

Akaondoka. Earlean ndiye aliyezima.

Maneno yale hayakumwacha alale vizuri. Wiki mbili zilizopita, akifuta vumbi ukumbini filamu ikiendelea, alisimama na kitambaa mkononi. Hakuwa akitazama gitaa. Alikuwa akitazama shati.

"Nilipiga pasi mashati ya wanaume miaka kumi na tisa, kwenye kile kiwanda cha dobi kilichofungwa," anamwambia sasa Bi Ozella. "Vifungo hukaa upande wa kulia wa mvaaji. Mfuko hukaa kushoto, juu ya moyo. Mtu huyu vyote vimegeuka."

Asichomwambia bado ni kwamba nakala ile aliitengeneza yeye. Miaka kumi na moja iliyopita, baada ya mafunzo ya siku mbili, aliipitisha kanda ya zamani kwenye mashine ya kunakili. Aliiweka upande usio wake. Kulia kukawa kushoto, na dunia nzima ikaletewa mtu aliyegeuzwa.

Alimwambia msimamizi wa ukumbi, Desmond Cargill. Desmond kwanza alitania.

"Labda aliazima blauzi ya mkewe."

"Desmond, sichezi."

Hapo akakunja uso. "Unajua tumeuza nakala ngapi? Usiguse kitu mpaka bodi ikae. Na kama ni kosa lako, wewe ndiye utakayeieleza bodi."

Bodi inakaa mwezi ujao. Kibao ni Jumatatu. Ndipo Earlean alipokiondoa kioo cha chumbani kwake na kukibeba nyuma ya gari, kimefungwa blanketi.

Sasa anabonyeza kitufe cha kuianzisha filamu. Mwanga unafika kwenye kioo. Katika kioo, mtu yule ameshika shingo ya gitaa kwa mkono wa kushoto, kama apigavyo asiye mashoto, na mfuko umekaa juu ya moyo.

Bi Ozella anaweka viganja vyote viwili juu ya fimbo.

Dakika ya kwanza inapita. Ya pili. Earlean anaumwa na shingo kwa kujizuia asimgeukie. Akikosea leo, atakuwa amemuumiza mama huyu mara mbili, kisha aipoteze kazi juu yake.

Filamu inaisha.

"Irudishe mwanzo," anasema Bi Ozella.

Safari hii mama anafumba macho. Earlean anataka kumwambia afumbue, ndipo anapoisikia fimbo ikigonga sakafu.

Du. Du. Du.

Anatazama skrini. Mguu wa mtu yule unashuka fimbo inaposhuka. Unapanda inapopanda. Kisha, katikati, mguu unasita, pigo moja zima, kama mtu aliyesahau, na fimbo nayo inasita. Halafu vyote viwili vinashuka pamoja. Macho ya mama bado yamefumbwa.

"Palepale baba alikuwa akiniacha niseme 'hee'," anasema Bi Ozella. "Nilikuwa nikikaa ngazi ya chini ya baraza. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa." Anafuta uso kwa kiganja. "Wewe ndiye uliyemgeuza?"

"Ni mimi, mama. Si mashine. Ni mimi."

"Miaka kumi na moja."

"Naam."

"Basi mgeuze arudi, mtoto. Na uharakishe, mimi si msichana."

Mlango unafunguka. Desmond amesimama kizingitini, funguo mkononi, akikitazama kioo. Earlean anamwona. Hainui sauti, wala haishushi.

"Bi Ozella, Jumatatu kabla ya nyundo nitakuwa nimesimama mbele ya ukuta ule. Hakitapigiliwa kibao kisicho na jina la Ansel Threadgill. Na bodi nitaiambia kosa ni la nani, hata kama hiyo ndiyo siku yangu ya mwisho humu ndani. Nakuahidi, na huyu Desmond anasikia."