Maji Yaliyogeuka Buluu

Neli ya maji ilivunjika asubuhi, Winfrida alipoigonga kwa kiwiko akivuta kiti. Ilikuwa neli ya kioo kama nyingine zote pale maabara, ila yenyewe ilikuwa na utepe mwekundu shingoni na haikuwahi kutiwa dawa yoyote. Kazi yake ilikuwa kubeba maji matupu kila alipopima, ili aone kwanza maji yanavyoonekana kabla hajaamini anachokiona kwenye dawa. Aliitunza mwenyewe. Aliisuuza kwa maji yaliyochemshwa, akaisimamisha peke yake dirishani, na Salimu, mtu wa kuosha vyombo, alikatazwa kuigusa.

"Poleni na msiba, Mama Regina," Salimu alisema akiokota vigae. "Marehemu alidekezwa sana. Hatumwi, haoshwi na watumishi. Tumzike wapi?"

"Acha maneno. Niletee nyingine kabatini."

Winfrida hakuwa msomi wa dawa. Macho yake aliyanoa katika kiwanda cha nguo, kwenye chumba cha kuchanganya rangi, ambako kwa miaka mingi alikuwa akitenganisha buluu na buluu mpaka kiwanda kilipopata wamiliki wapya na watu wakapunguzwa. Ndipo Mwalimu Severin, mhadhiri mstaafu aliyefungua maabara ndogo nyuma ya maduka mjini Morogoro, akamchukua. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Dawa ziliingia kutoka kila upande, kila duka jipya likawa na boksi lake, na watu walitaka kujua wamenunua nini.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha rangi. Dawa za protini, kama ile ya kuzuia sumu ya nyoka, hazipendi mtikisiko. Zikirushwarushwa, protini hushikana zikawa nyuzi nyeupe, na dawa iliyofanya nyuzi inaweza kumdhuru mgonjwa badala ya kumponya. Kwa hiyo watengenezaji huchanganya humo kitu cha jamii ya sabuni, kidogo sana, cha kuzizuia zisishikane. Ili kukipima, unaondoa protini, unatia maji ya kobalti yenye rangi ya waridi, kisha klorofomu, unatikisa na kuiacha itulie. Klorofomu hukaa chini. Kitu kile kikiwepo, inageuka buluu, na kadiri kilivyo kingi ndivyo buluu inavyokolea. Kisipokuwepo, inabaki nyeupe kama maji.

Asubuhi ile alitia maji matupu kwenye neli aliyoletewa, akafanya yote kama kawaida. Klorofomu ilipotulia, ilikuwa buluu.

Alimwaga, akachukua neli nyingine kabatini. Buluu. Akachukua ya tatu.

"Salimu, hizi unaziosha na nini?"

"Sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya unga, ile ya pakiti. Nani siku hizi anasugua na sabuni ya mche? Huoni zinavyong'aa? Na nimenunua kwa hela yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipokula Idi. Kwani vipi, Mama Regina?"

Sabuni ya mche haikuwahi kusumbua kipimo kile, lakini ya unga ilikuwa na kitu kilekile alichokuwa akikitafuta, na kilibaki kwenye vioo hata baada ya kusuuzwa. Neli yenye utepe ndiyo peke yake haikuonja sabuni ile, na ndiyo aliyoitegemea imwambie kama vyombo ni safi. Na baada ya Idi ndipo alipopima dawa ya nyoka ya zahanati ya Mgeta, kule milimani.

Muuguzi wa zahanati ile alikuwa Modesta, mdogo wake wa tumbo moja. Boksi la kwanza alilonunua kwa mfanyabiashara wa mjini lilifika juu likiwa na nyuzi kama maziwa yaliyokatika. Kabla ya kulichukua la pili alisema, "Dada, lipimeni kwanza. Barabara yetu unaijua." Winfrida akapima, akaona buluu nzuri, akasema liende. Likapanda na lori la kabichi.

Mwalimu Severin alikuwa Dar. Zahanati haikuwa na simu. Winfrida alivua koti la kazi, akamwambia Salimu aweke vyombo vyote kwenye maji na asiguse kitu, akaenda kutafuta lori linalopanda. Alipata kiti mbele, kando ya dereva, na kila gurudumu liliposhuka kwenye shimo aliiona kichwani chupa ikigonga chupa nyingine, siku boksi lile lilipopita hapo.

Alimkuta Modesta amesimama kando ya kitanda, bomba la sindano mkononi. Kitandani alilala mwanamume aliyekuwa akivuna njegere tangu alfajiri, Athanas. Nyoka aina ya kifutu alikuwa amemgonga juu ya kisigino. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na ngozi imevutika ikawa inameremeta. Mkewe, Yuliana, alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Dada! Umeletwa na Mungu. Nishikie hapa."

"Ngoja kwanza. Umeshampa?"

"Ndiyo naanza. Kuna nini?"

Winfrida alimvuta mlangoni akamweleza kwa maneno machache. Modesta alimsikiliza huku akiangalia kitanda.

"Kwa hiyo ulichopima ni sabuni ya Salimu."

"Ndiyo."

"Na dawa yenyewe?"

"Sijui. Tuiangalie."

Waliinua chupa moja moja dirishani. Nyingine zilikuwa na vumbi jeupe lililozunguka zilipoinamishwa. Nyingine zilikuwa na nyuzi kabisa. Zilizokuwa angavu zilitosha kiganja kimoja. Winfrida alizitenga, akazirudia tena kwenye mwanga, kama alivyokuwa akirudia vitambaa kiwandani, akitamani kuona moja zaidi. Hakuiona.

Modesta alizitumia zote, polepole. Mgonjwa alitetemeka kidogo, akatulia. Lakini mchana ulivyosonga, uvimbe ulipita goti.

"Dada, hizi za vumbi tu," Modesta alinong'ona. "Siyo za nyuzi. Za vumbi."

"Hapana."

"Mguu unaondoka, unaona."

"Naona. Ukimtia hizi, anaweza kukufia mkononi."

"Anaweza. Siyo lazima."

"Modesta, hapana."

Modesta alitoka kwenda kumwomba dereva wa lori lililompandisha dada yake, ambalo sasa lilikuwa limepakia kabichi, ashushe mzigo ambebe mtu. Wenye kabichi walilalamika, kisha wakashusha.

Athanas hakufa. Hospitali ya mjini walimkata mguu chini ya goti. Daktari alisema huenda ungekatwa vyovyote vile, huenda sivyo, hakutaka kuapa.

Winfrida alikwenda kumwona akitokea kwake Bigwa, na uji kwenye chupa ya chai. Yuliana alimpokea chupa, akamshukuru, akamimina kikombe, halafu akauliza bila kumtazama:

"Mama, dawa nyingine zilibaki kwenye boksi. Niliziona kwa macho yangu. Kwa nini alipewa nusu?"

Winfrida angeweza kumsingizia mfanyabiashara, au barabara, au sabuni. Yote yalikuwa na ukweli wake.

"Ni mimi niliyezuia," alisema. "Ziliharibika, nikaogopa zitamuua. Na kabla ya hapo ni mimi niliyesema ni nzuri."

Yuliana alikaa na kikombe mkononi mpaka uji ukafanya utando. Kisha alimwinua mumewe kichwa, akaanza kumnywesha. Winfrida alizunguka upande wa pili wa kitanda akamshika mgonjwa bega asiteleze.

Yuliana alisogeza mkono wake, akamwachia nafasi.