Helikopta Nyekundu ya Kabatini

Nyie mliokulia Songea miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu, baada ya foleni zile za sabuni na sukari, najua hamjasahau jinsi wazazi wetu walivyonunua kitu. Hawakuuliza kinafanya nini. Waliuliza kama kitadumu. Walikipima uzito mkononi, wakakigonga kwa vidole, wakasikiliza, kama mtu anayechagua jembe. Jambo hilo limeniudhi tangu utotoni, na leo naona niliseme lote.

Sisi tulikaa Lizaboni. Tulicheza rede mpaka vumbi likatuingia masikioni, tukala maboga ya kuchemsha na karanga mbichi, na baridi ya Juni iliposhuka kutoka milima ya Matogoro tuliota moto wa mabua huku midomo imepasuka. Mimi na kaka yangu Festo tulikuwa na ugonjwa wetu mmoja, helikopta. Ulianzia kwenye banda la video kule Msamala, tulipoona helikopta inajigeuza tumbo juu, inazunguka, halafu inakaa sawa kana kwamba hakuna kilichotokea. Tukatengeneza za kwetu kwa mabua ya mahindi, panga la karatasi ya daftari limeshikwa na mwiba, tukakimbia nazo barabarani. Panga lilizunguka vizuri tu, lakini anayekimbia ni wewe, na ukichoka safari imekwisha.

Tulipopata komunyo ya kwanza, wote wawili siku moja, baba alisema tuchague zawadi moja ya kuchezea pamoja. Hatukuhitaji kufikiri. Karibu na soko kuu kulikuwa na duka lililoleta helikopta za rimoti kutoka Dubai. Zilikuwa mbili tu. Moja kubwa, nyekundu, yenye taa na magurudumu ya chuma. Nyingine ndogo ya kijivu, nyepesi kama kifaranga, na ndani ya boksi lake kulikuwa na mapanga ya akiba. Mwenye duka alitueleza vizuri kabisa: kama mnataka kujifunza sarakasi za hewani, chukueni hii ndogo. Mwanzoni mtaiangusha sana, lakini haivunjiki upesi kwa kuwa haina uzito, na panga likikatika mnabandika jingine. Festo akaikumbatia ile ndogo. Nikajua mambo yamekwisha.

Yamekwisha wapi. Baba alikuwa amekuja na mama, na shangazi Konsolata, dada yake mkubwa, ambaye bila yeye kwetu hakikununuliwa hata kijiko. Baba akaipima ile ya kijivu mkononi, akaguna. "Hii ni karatasi." Akaipima nyekundu, akaigonga ubavuni. "Hiki ndicho chuma." Mama alipoona mapanga ya akiba ndiyo akachoka kabisa. "Kitu kizima hakiuzwi na vipuri. Hawa wanajua kitavunjika." Na shangazi akafunga kikao: wageni wakiuliza watoto walipewa nini, tuwaonyeshe hicho kidudu? Hata mama mmoja aliyekuja kununua tambi za jiko akamuunga mkono, sijui yeye ilimhusu nini. Festo akasema kwa sauti ndogo kwamba nzito haitapaa. Akaambiwa asijibizane na wakubwa.

Siku ya sherehe, pilau na kuku vikiwa tumboni, baba akatia betri mpya, yale mawe ya redio, akabonyeza rimoti mbele ya watu wote. Helikopta ikanguruma, ikatetemeka, ikajizungusha pale pale chini na kuwatilia wageni vumbi kwenye soda. Haikuinuka hata kimo cha kisigino. Wageni wakapiga makofi. Mama akaiokota, akaifuta, akairudisha kwenye nailoni yake, akaiweka ndani ya kabati la vioo sebuleni, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe, pembeni ya birika ambalo halijawahi kuona chai. Kila tulipoiomba alisema, "Itaharibika." Jumamosi tuliruhusiwa kupangusa kioo. Tukamaliza shule, Festo akaoa, nami nikaolewa, na kioo bado kinapanguswa.

Sasa njooni kwa hawa wa leo. Brian, mtoto wa Festo, alijichagulia helikopta kwenye simu, kajilaza kwenye kochi, anakula chipsi. Ndogo, nyeusi, nyepesi. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyeigonga. Mwezi uliopita walikuja nayo Lizaboni kumsalimia bibi yake. Akairusha uani, ikaanguka, ikainuka, ikaanguka kwenye maboga ya mama, ikainuka tena. Punde akasema inaboa, akarudi kwenye simu yake. Nilitamani kulia kwa hasira. Sisi tungelala nayo kitanda kimoja.

Basi Festo, na kitambi chake na miwani yake, akaokota rimoti, tukaanza kupokezana. Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga. Ikamwangukia karibu na miguu, akaiokota, akaigeuzageuza, akaipima mkononi.

"Kumbe hizi ndogo zikianguka hazivunjiki?"

"Hazivunjiki, mama," nikasema.

"Sasa kwa nini siku ile hamkusema?"

Baba na shangazi walishatangulia. Wa kugombana naye amebaki mama peke yake, naye alikuwa anauliza kwa moyo mweupe kabisa. Festo akaichukua kutoka mkononi kwa mama. Aliipaisha mpaka juu ya paa, akaminya sijui wapi, na kwa mara ya kwanza ikajigeuza tumbo juu, ikakaa hivyo kidogo, ikaporomoka kwenye maboga. Nikaenda kuitafuta kwenye majani. Nilipoinuka nayo nikasikia kabati la vioo linafunguliwa ndani.

Mama akatoka na ile nyekundu. Alikuwa ameshaivua nailoni. Akamkabidhi Festo.

"Na hii nayo ichezeeni," akasema. "Ila msiiharibu."