Neno la Siri la Marehemu

Katika ofisi yetu ya chakula cha msaada pale Isiolo, miaka ile ya themanini, kompyuta ilikuwa moja tu, na mimi ndiye niliyeitunza. Watu walidhani kuitunza ni kupangusa vumbi na kuwasha jenereta. Laiti ingekuwa hivyo! Kazi yenyewe ilikuwa programu iliyomo ndani, ile iliyoamua lori lipi liende wapi na magunia mangapi. Aliyeiandika alisharudi kwao ng'ambo zamani, na kila aliyekuja baada yake aliongeza kipande chake akaenda zake. Mimi, mtoto wa wafugaji, niliona ni boma la miiba tu: mifugo ikiongezeka unafungua mlango mpya, lakini ule wa zamani usipouziba kwa miiba mibichi, fisi hapigi hodi.

Mlango wetu wa zamani ulikuwa mzee mmoja. Ndiye aliyeshika mashine kabla yangu, Mturkana kama mimi, mpole na mcheshi. Neno lake la siri la kuingilia kwenye mashine lilikuwa jina la dume lake la ng'ombe. Sasa, kwetu mwanamume huitwa kwa jina la dume lake. Ofisi nzima, hata mlinzi wa getini, ilimwamkia kwa neno hilo kila asubuhi. Siri gani hiyo? Alipostaafu akiwa mgonjwa, nilimwomba mkubwa wetu kibali nimtoe kwenye mashine.

"Unafuta mtu akiwa hai?" mkubwa aliniuliza, uso umemkunjika. "Dada, unamtakia nini huyo mzee?"

Mzee akafa. Nikarudi kuomba.

"Ngoja matanga iishe kwanza. Wewe huna haya?"

Matanga yaliisha, jina likabaki. Niliwaka kwa hasira, lakini kumfuta bila kibali kungenitoa kazini, na kazi Isiolo haziokotwi njiani.

Kiangazi kile hakikuwa na huruma. Kaka yangu alikuwa amefuata malisho upande wa Merti, yeye na mkewe na mtoto wao mchanga. Mbuzi wakaisha, wakabaki kungoja mahindi yetu, na unga wa uji wa mtoto. Siku moja dereva wa pikapu ya Merti alinijia ofisini, kofia mkononi.

"Dada, Merti hakuna kitu. Lori ya chakula hatujaona mwezi hii. Bibi ya kaka yako amesema nikwambie maziwa imeisha kwa titi. Mtoto analia mpaka sauti imekwisha."

Niliketi kwenye mashine. Mashine ilisema Merti wamepokea chakula chao chote. Na aliyeandika hivyo, kwa maelezo ya mashine, ni mzee wetu, ambaye wakati huo alikuwa tayari kaburini. Mtu alikuwa ameingia kwa jina la dume, akaandika kwamba lori limefika, na magunia yakaenda alikotaka yeye. Ni nani, hatukujua kamwe.

Nilimwita mkubwa. Alisoma, akarudi nyuma mpaka akaugonga mlango kwa mgongo. Makarani wakaacha kalamu zao. Badala ya kumtafuta mwizi, wakaenda kumwita pasta! Waliikemea kompyuta kwa sala, mikono juu, nami nimesimama pale namwaza yule mtoto. Niliwachukia wote.

"Marehemu hali mahindi!" nilipiga kelele. "Mnaombea nini?"

Karani mmoja aliniambia mwenye pepo ni mimi.

Niliomba lori litoke hivyo hivyo. Mkubwa alikataa: mwenye stoo hafungui bila karatasi ya mashine, na wafadhili wangetufungia ofisi. Mashine nayo haikutoa karatasi. Miaka ya nyuma mzee mwenyewe, ili kuzuia watu kuchukua mara mbili, alikuwa ameongeza kufuli ndani ya programu: mahali palipoandikwa pamepokea, hapapewi tena, wala maandishi hayo hayafutiki, mpaka mwezi ugeuke. Lilikuwa kufuli zuri, nalisifu hata leo, ila sasa lilikuwa likilinda uongo.

Nikaanza kuifumua programu, kipande juu ya kipande, kazi ya watu ambao hawakuacha hata neno moja la maelezo. Nikigusa hapa, hesabu za Kinna, kituo kingine, zinavurugika. Nikirudisha, Merti inafungwa. Jenereta ilipozima katikati ya kazi nililia waziwazi mbele ya wanaume, sikujali. Kesho yake, jua likiwa la utosi, karatasi ilitoka. Lori likaondoka.

Dereva wa lori aliporudi hakunitazama machoni. Mahindi yalifika, na unga ulifika. Mtoto walikuwa wamemzika asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Mkubwa alinipa pole, pole ya kweli, akaagiza chai. Nilikuwa bado nimeshika kikombe pale karani mmoja alipoketi kwenye kompyuta, akaitafuta familia ya kaka yangu, akamfuta mtoto, ili wasipewe tena unga wa uji. Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake akitazama. Jina la mzee lilikuwa bado limo.

"Na matanga ya huyu je?" nikauliza.