Koili ya Gari la Baba

Gari la baba lilikuwa na tabia ya kuzima Pongwe. Asubuhi kwenda shamba lilikwenda vizuri tu. Wakati wa kurudi, injini ikishapata joto, likifika Pongwe linakata moto. Baba hakuhangaika. Alifungua boneti, akaenda kukaa kwenye benchi la mama muuza mihogo, wakapiga soga, na baada ya nusu saa gari likawaka lenyewe. Sisi watoto wake ndio tuliochoka. Tukamwambia likizima tena, linauzwa. Ndilo lililotupeleka sote shule, lakini tulimwambia hivyo hivyo. Akakubali kwa sauti ndogo iliyoniuma kuliko kama angefoka.

Mimi ndiye kitinda mimba, na kisirani cha nyumba nzima ninacho mimi. Kesho yake nikaifungua koili, kile kikopo kinachozipa plagi umeme wa kutoa cheche, nikaipeleka Ngamiani kwa mzee wa Kihindi anayeuza spea za magari ya zamani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Lile gari la baba bado lipo?"

Nikamweleza linavyozima Pongwe injini ikipata joto. Ana ubao wenye betri, nyaya na plagi moja. Akaiunga koili yangu, cheche ikaruka, ya buluu kabisa. Nikanuna. Nilitaka iwe mbovu, kwa sababu kama koili ilikuwa nzima, sikuwa na kingine cha kumtetea baba.

"Ngoja basi," akasema. "Gari lenu linazima likiwa na joto, nawe umeniletea koili ya baridi."

Akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaitia kwenye maji ya moto yaliyokuwa jikoni, na sisi tukanywa chai. Alipoijaribu tena, cheche ikatoka ya njano, nyembamba, kisha haikutoka kabisa. Nilifurahi hata nikacheka peke yangu.

Nikamwonyesha koili mpya iliyokuwa iking'aa rafuni. Akakataa kuniuzia.

"Hiyo ni ya magari yenye rezista ya kupunguza umeme. Lenu halina. Utaiunguza."

Akanitolea iliyokwisha kutumika, rangi imebanduka, akaichemsha vilevile mbele yangu. Cheche yake ikabaki buluu. Nikaichukua hiyo, nikaenda kuifunga kwenye gari.

Jumamosi nikaenda shamba na baba. Tulipokuwa tukirudi, Pongwe ilipokaribia, nilikishika kiti kwa mikono miwili. Gari likalifikia benchi, likalipita, likaendelea kunguruma. Nilitaka kumkumbatia baba, lakini yeye hakutabasamu. Tulipofika Nguvumali akapunguza mwendo, akageuza.

"Baba, kuna nini tena?"

"Wale wa benchini wameliona gari likipita bila kusimama," akasema. "Watadhani nimekufa, mmeliuza."