Baba Yangu Katika Faili la Kiwanda

Miaka ile viwanda vya sangara vilipoanza kuota kando ya ziwa, nilipata kazi ya kukata minofu Mwanza. Kiwanda kilitutibu sisi na jamaa tuliowaandikisha. Mwezi Juni baba akaja kutoka Magu, mguu umevimba. Nilimpeleka kwa mama wa utumishi aandikishwe, nikijitapa njiani kwamba pale nasikilizwa.

“Shikamoo, mzee,” yule mama alimsalimu baba, kisha akanigeukia. “Majina tunabadilisha Januari tu. Katikati ya mwaka labda uoe, upate mtoto au ufiwe.”

Ningenyamaza, yangeishia hapo. Lakini mjinga mimi nilitaka baba anione mkubwa. “Fungua faili langu, mama. Huenda nilishamwandika.”

Nilikuwa nimesahau. Nilipoajiriwa, mimi na baba tulikuwa hatusemeshani, kwa sababu alimkataa mchumba wangu wa kabila la Wahaya. Fomu ya ajira niliijaza kwa hasira.

Mama akasoma kwa sauti: “Baba, marehemu.” Akanitazama. “Sasa huyu uliyekuja naye ni nani?”

Baba akanishika mkono.

“Mjibu, mwanangu,” akasema taratibu. “Hata mimi nataka kusikia.”