Tende za Hasa

Hii ya Emily siwezi kuisahau.

Ni 2017, Doha. Emily, dada wa Kakamega, alikuwa anapanga matunda kwenye supamaketi moja kule Al Wukair.

Asubuhi moja akakuta mama wa makamo, Mqatari, amebandika pakiti ya tende puani. Ananusa. Anarudisha. Anachukua nyingine.

"Hizi zimetoka wapi?" mama akauliza kwa Kiarabu. "Ni za Hasa?"

Emily akacheka moyoni. Matajiri bana. Tende si tende tu?

Ila tangu Saudia ifunge mpaka wake na Qatar mwezi wa Juni, na bidhaa zake kukoma kuingia, kila mteja alikuwa na swali hilo. Maziwa ya wapi, kuku wa wapi.

"Ngoja niulize, mama."

Akaenda kwa Reuben, supavaiza wake, Mkenya mwenzake.

"Anataka za Hasa, upande wa Saudia."

"Hizo ziliisha kitambo. Mwambie ni zenyewe, anunue aende. Nani atajua?"

"Lakini si zenyewe."

"Emily, unataka kazi ama hutaki?"

Akarudi kwa mteja. Yule mama akamwambia polepole, ili aelewe, "Mama yangu anaumwa sana. Aliolewa huku akiwa msichana mdogo. Sasa hali kitu. Anaomba tende za kwao tu."

Emily akamkumbuka mamake mwenyewe. Uongo ukamkwama mdomoni.

"Hapana, mama. Hizi si za Hasa."

Yule mama akakunja uso, akaondoka kama mtu aliyetukanwa.

Reuben alisikia yote. Kesho yake Emily akatupwa stoo, kubeba magunia ya vitunguu.

Ila moyo haukutulia. Siku yake ya mapumziko akazunguka soko la Souq Waqif, duka hadi duka, na Kiarabu chake cha kuokoteza. Jioni mzee mmoja akamtolea pakiti iliyobaki ya mavuno ya mwaka uliopita. Hasa kabisa.

Akaiweka stoo, akamwomba Pamela wa kaunta kwamba yule mama akitokea, amwite.

Siku zikapita. Hatimaye akaja, ananunua kahawa nyingi.

Emily akakimbia na pakiti. "Mama, nimezipata."

Mama akaitazama.

"Tumemzika juzi."

Emily akaishusha pakiti.

"Uliponikatalia nilienda duka lingine," mama akasema. "Wakaniapia ni za Hasa. Nikamlisha kwa mkono wangu. Akatafuna kidogo, akatema. Akaniuliza, 'Hata wewe, mwanangu, unanidanganya?' Akageukia ukutani. Hakusema nami tena."

Akaichukua pakiti mikononi mwa Emily.

"Na mimi siku ile niliyemchukia ni wewe."

Akaifungua pakiti pale pale. Moja akampa Emily, moja akala yeye. Machozi yalimtoka akiwa bado anatafuna.

Siku hizi Emily yuko duka jingine, kule Lusail. Mteja akimuuliza kitu kimetoka wapi, huacha kazi yake akajibu. Kama hajui, husema hajui.

Nawe unayeuza, usimwone anayeuliza kuwa ana maringo. Mwambie ukweli. Hujui chakula hicho kinaenda kwenye mdomo wa nani.